Mwenye Uso Aulizwe

Wapendwa, nipeni masikio yenu kidogo. Nina habari ya mama mmoja aliyepewa kazi ya kusoma.

Kusoma tu. Katika mji mmoja wa huku kwetu nyanda za juu palikuwa na shirika la kutibu watoto wenye utapiamlo. Shirika zuri, tusilichafue. Watoto wengi waliingia pale wamebebwa mgongoni wakatoka wanakimbia. Sasa shirika lile lilikuwa linatimiza miaka ishirini, na viongozi wake wakataka siku ya sherehe iwakute na tovuti mpya. Vijana mnaijua tovuti. Kwa wazee wenzangu niseme hivi: ni kama kitabu cha shirika kilichoko mtandaoni, ambacho mtu wa Tunduma na mtu wa Ulaya wanaweza kukifungua kwenye simu zao dakika ileile. Kitabu hicho kilikuwa na kurasa sitini na mbili. Na kwa kuwa siku hizi sheria imekuwa kali juu ya picha na habari za watu, bodi ikaagiza kwamba kabla hazijatoka, mwanasheria azipitie moja baada ya nyingine, aseme ipi ni halali na ya heshima, na ipi siyo.

Mwanasheria aliyepewa kazi hiyo aliitwa Atuganile. Mama wa miaka hamsini na kitu, aliyewahi kuwa hakimu, akastaafu, na sasa akawa anajitolea pale shirikani. Watu walimwogopa kidogo. Alikuwa na jambo moja alilojivunia kuliko vyeo vyake vyote: tangu aanze kazi hakuwahi kutia sahihi kwenye karatasi ambayo hajaisoma mpaka nukta ya mwisho. Wenzake walimtania kwamba hata risiti ya nyanya anaisoma mara mbili. Hakukasirika. Alijua ni sifa.

Mkurugenzi, Bwana Ambilikile, alimkabidhi kurasa zile siku ya Jumatatu.

"Mama, hii ni shughuli ya siku mbili," akamwambia. "Nyingi zilikuwa kwenye tovuti ya zamani, tunazihamisha tu. Ijumaa nipatie sahihi yako nimpe fundi."

"Kama ni za zamani na zina kosa," mama akajibu, "basi kosa lenyewe limekaa muda mrefu."

Bwana Ambilikile akacheka. Hakujua kwamba mama hatanii.

Basi Atuganile akasoma. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Alisahihisha hapa, akauliza pale. Ukurasa wa kwanza aliuacha mwisho, na sababu yake mtaielewa: ulikuwa na picha ambayo kila mtu mjini aliijua. Ilikuwa kwenye kalenda za shirika, kwenye fulana, hata kwenye mlango wa gari lao. Mama mwenyewe alikuwa amepishana nayo kwenye korido kila siku kwa miaka minne. Na nyinyi mnajua, kitu ukishakiona kila siku, unaacha kukitazama.

Alhamisi ndipo akaitazama.

Mwanamke ameketi chini kwenye vumbi, kichwa wazi, kitambaa hakuna. Mapajani amempakata mtoto asiye na nguo hata moja. Mbavu za mtoto zinahesabika. Na chini ya picha pameandikwa hivi: "Mama Rehema (si jina lake halisi) alitelekezwa na mumewe. Hana elimu, hana chakula, hana tumaini. Tulimwokoa mwanawe. Nawe okoa mwingine leo."

Mama akaisoma mara mbili, kama risiti ya nyanya. Kisha akainuka kwenda ofisini kwa mkurugenzi.

"Kibali cha picha hii kiko wapi?"

Kikatafutwa, kikapatikana kwenye faili lenye vumbi. Karatasi moja ya Kiingereza, na chini yake alama ya dole gumba. Pembeni mtu alikuwa ameandika kwa kalamu jina halisi la mwanamke yule na kijiji chake.

"Kibali si hiki?" mkurugenzi akasema. "Amebonyeza mwenyewe."

"Amebonyeza karatasi ya Kiingereza," mama akasema. "Na hebu niambie, Bwana Ambilikile, mmeficha jina mkaacha uso. Mlikuwa mnamficha nani?"

Mkurugenzi akafunga faili.

"Huyu mtoto ana miaka mingapi sasa?"

"Ni picha ya miaka kumi na mmoja... atakuwa na kumi na tatu hivi."

"Wa kike au wa kiume?"

"Wa kike."

"Basi yuko shule. Na wenzake wana kaka na dada wenye simu."

Mpaka hapo mimi na wewe tungesema mama amemaliza kazi. Ameona kosa, atalifuta. Na yeye mwenyewe aliona hivyo. Aliandika barua usiku uleule... hapana, nisiongeze chumvi, aliandika mchana wa siku ileile, akaichapa vizuri: shirika linaomba radhi, shirika linaondoa picha na habari zote za mama huyu. Ijumaa asubuhi, badala ya kutoa sahihi, akaomba gari, akashika njia ya kijijini. Na njiani moyo wake ulikuwa mweupe. Alijiona mtu mwema. Alijiona anakwenda kumwokoa mwanamke yule mara ya pili.

Mmeshawahi kwenda kumsaidia mtu mkiwa na jibu lake tayari mfukoni? Msinyooshe mikono.

Barabara ilikuwa mbaya, gari likafika saa saba. Mwanamke aliyetoka nje kuwapokea alikuwa mrefu, amenyooka, mikono ina udongo wa viazi. Pale kijijini walimwita Mama Ikupa. Alisalimia kwa heshima, "Shikamoo mama," akanawa mikono, akatoa viti, akaleta chai ya maziwa kabla hajauliza neno lolote. Mumewe naye akaja, Baba Ikupa, mwanamume mpole anayechechemea mguu wa kulia, akasalimia, akaketi kwenye kigoda karibu na mlango. Mlangoni kwa ndani alikuwepo msichana. Ilikuwa Ijumaa, saa za masomo, na msichana yupo nyumbani. Mama Atuganile akaliona hilo, akalihifadhi.

Akatoa barua yake, akaanza kueleza. Kwamba picha ile ilitumika isivyo halali. Kwamba shirika linasikitika. Kwamba kuanzia wiki ijayo kila kitu kitafutwa, asiwe na wasiwasi, aweke tu alama yake hapa kuthibitisha kwamba amepata taarifa. Na akafungua kidau cha wino aliotoka nao ofisini.

Mama Ikupa alikitazama kile kidau. Akamtazama mgeni.

"Mama, samahani," akasema. "Umekuja kuniuliza au umekuja kuniambia?"

Ndugu zangu, huyu alikuwa hakimu. Miaka yote mahakamani aliwauliza watu maswali, na leo mkulima wa viazi amemuuliza yeye.

"Nilikuja kukuambia," akasema hatimaye. "Lakini nadhani nilipaswa kukuuliza."

"Haya. Kwanza nisomee walichoandika. Mimi picha nimeiona, mpwa wa mume wangu alituonyesha kwenye simu. Maneno sijayaona, yalikuwa madogo na simu ikazima."

Mama Atuganile hakutaka kuyasoma. Mbele ya yule mume, ungeyasoma wewe? Lakini aliyasoma, yote, bila kuruka. Alitelekezwa na mumewe. Hana elimu. Hana tumaini. Tulimwokoa mwanawe.

Baba Ikupa aliinama akatazama mguu wake. Mkewe akamwona. Hapo ndipo hasira ikamjia yule mama, tena hasira ya mtu mwenye adabu, sauti inashuka badala ya kupanda.

"Mume wangu alikuwa kitandani," akasema. "Mti ulimwangukia msituni kwenye kazi ya mbao, mguu ukavunjika mara mbili. Ndiyo sababu shamba lilitushinda mwaka ule. Na aliponiona nambeba mtoto, alilia kwa kuwa hawezi kunisindikiza. Huyo ndiye wanayesema alinitelekeza?"

Akageuka kidogo kwenye kiti.

"Mvua ilikuwa imechukua daraja, magari hayafiki. Nilitembea siku mbili. Nilivuka mto nimeshika kamba, mtoto nimemfunga kichwani kwangu, si mgongoni, ili maji yasimfikie. Ikupa alikuwa hawezi hata kunyonya. Nilikuwa na uji mwepesi kwenye chupa, nikawa nammiminia kwa kifuniko. Kifuniko kimoja, natembea mpaka kwenye kichaka kile, kifuniko kingine, natembea mpaka kwenye jiwe lile. Siku mbili. Nilipofika getini kwao mtoto alikuwa hai. Sasa hapo wameandika kwamba walimwokoa. Wauguzi walimtibu, ndiyo, na ninawaombea mpaka leo. Kuna mmoja alikaa naye siku tatu hajaenda kwao. Lakini mama, mimi nilimleta hai. Mbona hilo halipo?"

Mama Atuganile alikuwa ameacha kunywa chai.

"Na kitu kingine," Mama Ikupa akaendelea. "Mimi kwenda hospitali nilivaa kitenge changu cha kanisani. Chenyewe kilikuwa kipya, na kilemba chake. Nilikibeba kwenye mfuko, nikajisafisha pale kwenye bomba la getini, nikakivaa. Mtu unaenda kwenye ofisi ya watu, unavaa. Halafu akaja mpiga picha. Akaniambia kile kitenge hakifai, nitoe kilemba, niketi chini, nimfunue mtoto. Nilikuwa na hofu kwamba nikikataa hawatamlaza. Kisha wakanipa wino nibonyeze. Nilidhani ndiyo karatasi ya kulazwa."

Akanyoosha mkono.

"Nilimaliza darasa la saba, mama. Nilikuwa wa tatu darasani. Wangenipa kalamu ningeandika."

Mama Atuganile akafunika kidau cha wino. Akafungua mkoba, akatoa kalamu yake mwenyewe, ile aliyoandikia hukumu zake zote, akamkabidhi kwa mikono miwili. Nyuma ya ile barua ya kuomba radhi, ambayo sasa haikuwa na kazi tena, mwanamke yule akaandika jina lake lote kwa mwandiko wa kulala, wa kupendeza, kama walivyofundishwa watoto wa zamani: Tusajigwe, na jina la baba yake, na jina la ukoo.

"Sasa nakuuliza," mwanasheria akasema. "Unataka tufanye nini?"

"Msinifute," akasema yule mama. "Mnifute nimekosa nini? Andikeni upya. Andikeni jina langu hili. Andikeni kwamba nilitembea. Mume wangu mwandikeni kwamba alivunjika mguu. Na picha ile iwekeni hapohapo ili watu waone mtoto alikuwa wa namna gani, kisha nipigeni nyingine nimesimama. Watu wajue."

Mnaona? Mwanasheria alikuja na kifutio, na mwenye habari anataka kalamu. Na pangeishia hapo ingekuwa habari nzuri ya kutosha. Lakini sauti ikatoka mlangoni.

"Mama, mimi sitaki."

Ni yule msichana, Ikupa. Wote wakageuka.

"Njoo useme hapa," baba yake akamwambia, kwa upole.

Akaja, akapiga goti kumsalimia mgeni, akasimama nyuma ya kiti cha mama yake. Ikajulikana kwamba ana wiki tatu hajaenda shule. Picha ilikuwa imefika kwenye simu ya kaka wa mwanafunzi mmoja, na tangu hapo darasani haitwi tena jina lake. Wanamwita Mifupa. Anaposimama kujibu swali kuna anayenong'ona Mifupa, na darasa zima linacheka.

"Ikupa, lakini ile ni habari ya ushindi wetu," mama yake akasema. "Tazama ulivyokuwa, na tazama ulivyo."

Msichana alilia kidogo, kisha akajifuta.

"Kutembea ni kwako, mama," akasema. "Kila mtu akujue, hata mimi nafurahi. Lakini mwili ule kwenye picha ni wangu."

Mama Ikupa alikuwa ametoka kudai haki yake dakika chache zilizopita, na sasa haki hiyohiyo imesimama nyuma ya kiti chake inaomba kusikilizwa. Je, angefanya nini? Angesema, wewe ni mtoto, mimi ndiye niliyekuzaa? Wangapi wetu tusingesema hivyo? Picha ile ilikuwa ushahidi wake pekee. Bila ule mwili, nani angeelewa uzito wa ile safari?

Alivuta mkono wa binti yake mpaka begani kwake, akaushika.

"Mama, umemsikia," akamwambia mgeni. "Picha itoke. Jina lake lisiwepo. Mimi niwekeni, mume wangu mwekeni naye. Yeye akitaka kusema, atasema mwenyewe siku atakayopenda."

"Na nisipopenda?" Ikupa akauliza.

"Basi."

Wakapiga picha moja. Kitenge kile cha kanisani kilikuwa bado kipo, kimepauka. Mama Ikupa akakivaa na kilemba chake, akasimama kando ya mumewe mbele ya shamba lao la viazi. Hakutabasamu. Alitazama mbele kama mtu anayesikiliza wimbo wa taifa. Mwanasheria aliniambia kwamba alipoishika ile simu kupiga picha, alijaa fahari ya kuwa karibu na mtu kama yule.

Jumatatu akarudi ofisini. Na sasa ndiyo kazi yenyewe.

"Haiwezekani," Bwana Ambilikile akasema. "Mama, picha ile ndiyo inayotuletea wafadhili. Umehesabu watoto waliolishwa kwa sababu ya picha ile? Niambie niwaambie nini akina mama walioko wodini leo."

Msimcheke. Lilikuwa swali la haki, na Mama Atuganile aliliona hivyo.

"Waambie ukweli," akasema. "Kwamba hatutawalisha watoto wao kwa kumdhalilisha mtoto wa mwenzao."

"Na wafadhili wakiondoka?"

"Tutajua walichokuwa wanakipenda."

Mkurugenzi akasimama, akaenda dirishani. "Sherehe ni baada ya wiki mbili. Nahitaji sahihi yako tu. Nitaibadilisha mwakani."

"Sahihi hupati," mama akasema. "Na nikuambie wazi ili usije ukasema nilikuvizia. Sheria iko upande wa mtoto yule. Siku familia ile ikienda mahakamani, nitakuwa nimesimama nao, na nitakuwa nimevaa joho langu."

Bodi ikaitwa. Mama Atuganile hakuhutubia. Aliwasomea yale aliyoyaandika kwa mkono pale uani, maneno ya Mama Ikupa kama alivyoyasema, kifuniko kimoja mpaka kwenye kichaka, kingine mpaka kwenye jiwe. Kisha akaweka mezani ile barua, akaigeuza upande wa sahihi. Wazee wa bodi wakapokezana mwandiko ule. Mwenyekiti, mama mmoja mzee, akauliza, "Huyu ndiye tuliyeandika kwamba hana elimu?" Bwana Ambilikile mwenyewe ndiye aliyesema, sauti chini, "Itoke." Na nampa heshima yake, maana kusema neno hilo mbele ya watu unaowaongoza si jambo dogo.

Haikuishia kwenye ukurasa wa kwanza. Ikaamuliwa kwamba kila mwenye uso uliomo kwenye zile kurasa sitini na mbili atafutwe alipo, aulizwe. Wakaenda vijijini, wakapiga simu. Wengine walisema ndiyo kwa furaha. Babu mmoja alikubali kwa sharti kwamba ng'ombe wake aonekane. Wengine walisema hapana. Wengine hawakupatikana, na hao wakahesabiwa kama waliosema hapana. Siku ya sherehe ilipofika, tovuti ilikuwa na kurasa kumi na tisa tu, na ukurasa wa mbele, pale ilipokuwepo ile picha, pana nafasi nyeupe, tupu kabisa, na mstari mmoja: "Hapa palikuwa na picha ya mtoto. Mwenyewe hakupenda iwepo, nasi tumemheshimu."

Wengi walidhani shirika limejiaibisha. Sherehe yenye tovuti nusu! Lakini sikilizeni kilichotokea siku ile.

Mama Ikupa alikuja, na mumewe. Mshereheshaji, kwa mazoea, akatangaza, "Na sasa tumkaribishe mnufaika wetu." Mama akapanda jukwaani na kitenge chake kilichopauka, akachukua kipaza sauti.

"Mimi siitwi mnufaika," akasema. "Naitwa Tusajigwe. Nilimleta mwanangu hai, nyinyi mkanirudishia akiwa mzima. Tulifanya kazi pamoja. Nimekuja kwenye sherehe ya kazi yetu."

Wauguzi ndio waliosimama kwanza. Yule aliyekaa na mtoto siku tatu alikuwa amestaafu, amekaa nyuma, akaja mbele anakimbia na miguu yake ya uzee, wakakumbatiana pale jukwaani, na ukumbi mzima ukapiga vigelegele. Mama Atuganile alikuwa kwenye kiti cha pembeni. Jioni ile alitia sahihi kurasa kumi na tisa, na anasema hakuna hukumu aliyowahi kuiandika ikamfanya anyooshe mgongo namna ile.

Na wafadhili? Wapo walioondoka. Siwadanganyi. Mwaka wa kwanza ulikuwa mgumu. Wapo pia walioandika kuuliza juu ya ile nafasi nyeupe, wakabaki, na wamebaki mpaka sasa.

Na Ikupa? Alirudi shule. Picha iliyokwisha kutoka haikusanywi yote, na mvulana mmoja alikuwa nayo bado kwenye simu, akamwonyesha mbele ya wenzake. Ikupa akaitazama. "Ndiyo, ni mimi," akasema. "Nilikuwa na miaka miwili, nilikuwa naumwa. Wewe ukiumwa unakuwaje?" Mvulana akairudisha simu mfukoni. Siku hizi msichana yule yuko kidato cha tano. Hajaandika habari yake kwenye ile nafasi. Huenda asiandike kamwe. Ni yake.

Sasa, wapendwa, naona mnatikisa vichwa. Naona mnasema moyoni, kweli kabisa mchungaji, haya mashirika haya! Hapana. Msiniponyoke. Sijayasema mashirika.

Mwezi uliopita sisi, kanisa hili, tulikwenda kuwatembelea wajane. Tulipeleka sabuni, sukari, na mafuta. Tulipiga picha ngapi? Bibi yetu mmoja alishikishwa mche wa sabuni, sisi tumemzunguka tunatabasamu, na picha ikaingia kwenye kundi letu la simu. Nani aliyeituma? Mimi. Mchungaji wenu. Nikaandika chini yake, "Mungu ametutumia kumfuta machozi." Alhamisi nilikwenda kwake, nikamuuliza, nikiwa nimechelewa mwezi mzima. Akaniambia, "Baba mchungaji, mwanangu ananitunza. Kila mwezi ananitumia. Picha ile ilimfikia kazini kwake, akanipigia analia, anauliza mama, nimekukosea nini hata useme unakosa sabuni?" Nilipiga magoti sebuleni kwake. Alinisamehe upesi kuliko nilivyostahili.

Ndugu zangu, tunapenda kusimulia wema wetu, na ili wema wetu uonekane mrefu tunamkalisha mwenzetu chini. Tunamvua kilemba. Mungu hakumuumba mtu yeyote awe mfano wa shida mbele ya watu. Alimuumba asimame. Na ukimpa mtu sabuni akabaki amesimama, hapo umempa kitu. Hiyo ndiyo fahari ninayoitaka kwa kanisa hili, tutembee nayo vifua mbele: kwamba hapa kwetu mtu anaweza kusaidiwa na uso wake ukabaki wake.

Tunaingia kwenye maombi. Karatasi ya wahitaji ninayo hapa mkononi, kama kila Jumapili. Ina majina kumi na moja. Fulani ana kesi, fulani ndoa yake ina matatizo, fulani majibu ya hospitali si mazuri. Nimezoea kuyasoma yote kwa sauti, nanyi mmezoea kugeuka kumtafuta kwa macho mwenye jina. Jana nilijiuliza: kati ya hawa, ni wangapi waliosema nisome? Nikapiga simu. Ni wawili.

Nitasoma majina mawili. Wale tisa Mungu anawafahamu, na anajua walipoketi.

Tusimame.